Kamera Iliyoketi Mkekani: "Tokyo Story" Ikitazamwa kutoka Nairobi

Minoru anarudi kutoka shule na kukuta dawati lake limehamishwa. Chumba wamepewa babu na nyanya wanaowasili kutoka Onomichi, na dawati limesukumwa nje kwenye ushoroba. Anafoka: sasa atasomea wapi? Mama yake, aliye katikati ya usafi, anamjibu kwamba hata siku za kawaida huwa hasomi. Wazee wenyewe hawajafika. Hawajavua viatu, hawajapewa hata maji ya kunywa, na tayari wameshamkosesha mtu mahali pa kukaa.

Hapo ndipo "Tokyo Story", filamu ya Yasujiro Ozu iliyotoka Novemba 1953, inapoanza kwa kweli. Aliyewahi kuishi kwenye bedsita ya Roysambu au Kayole ataielewa hata asiposoma maandishi ya chini. Mzee akipiga simu kusema ameshapanda basi Kakamega, swali la kwanza ndani ya nyumba si atakula nini. Ni atalala wapi, na nani atahamia kwa jirani.

Filamu hii husifiwa sana, na husifiwa vibaya. Jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipowauliza waongozaji mwaka 2012 wataje filamu bora kuliko zote, hii ndiyo iliyoongoza. Lakini keti na watu waliotoka kuitazama, uwasikie: watoto wa siku hizi hawana shukrani, wazazi wamesahaulika, mji umeharibu watu. Hayo ni mahubiri ya matangani, na ukikisimulia kisa kwa mdomo, ni kweli kinaweza kubeba funzo hilo. Picha zinasema jambo jingine. Tazama kamera imewekwa wapi, inakaa kwa muda gani, nani amekatwa na ukingo wa mlango. Utaona hii ni filamu kuhusu nafasi: nani ana nafasi ya nani, kwa siku ngapi, na nani anailipia.

Kisa ni chepesi. Shukichi Hirayama na mkewe Tomi, wazee wa Onomichi, mji mdogo wa bandari, wanapanda treni kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Koichi, baba yake Minoru, ni daktari wa mtaani. Shige ana saluni. Shoji alifia vitani, na mjane wake Noriko anafanya kazi ofisini. Keizo yuko Osaka kwenye shirika la reli. Kyoko, kitinda mimba, ni mwalimu na bado anaishi na wazazi. Wazee wanazungushwa nyumba hadi nyumba, wanarudi kwao, Tomi anaugua, anafariki. Dakika 136. Hakuna kofi, hakuna siri inayofichuliwa, hakuna anayebamiza mlango, na kwa kuwa milango yenyewe ni ya karatasi na mbao za kusukuma, angebamiza nini?

Yuharu Atsuta, mpiga picha wa Ozu kwa miaka mingi, ameishusha kamera mpaka karibu na sakafu, chini hata ya macho ya mtu aliyeketi mkekani. Mtu wa Lamu aliyezoea kupokea wageni jamvini atauelewa urefu huo upesi kuliko sisi wa Nairobi, tunaojaza chumba kizima kwa sofa seti na kuwapitisha wageni ubavu ubavu. Lenzi ni ile ile ya milimita 50, isiyovuta mbali karibu wala kupanua chumba kiongope ukubwa. Kamera haimfuati mtu. Mtu ndiye anayeingia kwenye fremu, anapiga magoti, anamimina chai, anajipepea kwa upepeo, maana ni majira ya joto na kila mkono una upepeo, kisha anatoka. Akishatoka, picha haikatwi papo hapo. Tunabaki na chumba.

Wengi huuita mtindo huo utulivu na kuishia hapo. Mimi naona una kazi ngumu zaidi, ya kupima. Kwa kuwa kamera haitembei, baada ya muda unaijua nyumba ya Koichi: ngazi iko upande gani, kliniki iko wapi, nani akipita lazima nani asogee. Milango inaigawa fremu, mlango ndani ya mlango, hivi kwamba mtu mmoja akisimama chumbani humo pameshajaa. Jumapili familia nzima imevaa tayari kuwatembeza wazee mjini. Mgonjwa anahitaji daktari. Matembezi yamekufa, watoto wananuna, na huwezi kumlaumu Koichi, kwa sababu umeshaona kwamba kazi na nyumba vimebanana chini ya paa moja na kazi ndiyo inayolipa hilo paa.

Linganisha na Onomichi mwanzoni. Wazee wanapakia mizigo. Tomi hauoni mto wa hewa, Shukichi anashikilia kwamba alimpa yeye, Tomi anakana, baadaye kidogo Shukichi anaukuta kwenye mzigo wake mwenyewe na kusema umeonekana, basi, bila zaidi. Jirani anapita dirishani, anawapongeza kwa kuwa na watoto waliofanikiwa. Ndani ya nyumba hiyo kuna nafasi ya kubishana juu ya mto, ya kuwa na makosa, ya jirani kuchungulia. Tokyo hawabishani hata siku moja. Wanakunja miguu na kushukuru.

Kwa Shige mambo yanabana zaidi. Mumewe amenunua keki za maharagwe kwa ajili ya wakwe. Shige anamkemea kwamba ni ghali mno kwa wale, huku mwenyewe akiila moja. Mteja wa saluni anapowaona wazee na kuuliza ni kina nani, Shige anamwambia ni watu wanaofahamiana tu, wametoka mashambani. Nimesikia wakenya wakiguna hapo, na najua kwa nini. Mlinzi wa geti anauliza, "Huyu mzee ni nani?" na mtu mwenye digrii anajibu, "Ni mtu wa huko kwetu tu."

Halafu Koichi na Shige wanachangishana pesa kuwapeleka wazee Atami, mji wa pwani wenye chemchemi za maji moto. Kwa juu juu ni ukarimu. Kwa ndani ni kuwahamisha. Hoteli imejaa vijana; usiku kucha wanacheza mahjong, na nje watu wanaimba. Ozu anaweka picha ya ndara zilizopangwa sawasawa nje ya mlango, kisha wazee wako macho gizani, hakuna anayelalamika. Asubuhi wameketi ukingoni mwa bahari, wanaamua kurudi, na Tomi anapoinuka anashikwa na kizunguzungu. Kila mtu anayeifahamu filamu ataitaja picha hiyo ya migongo miwili na bahari, na ni kweli ni nzuri. Mimi nawafuata wanaporudi Tokyo mapema. Shige ana mkutano wa wenzake wa saluni nyumbani usiku huo. Kwa Koichi hawataki kusumbua tena. Chumba cha Noriko kinamtosha mtu mmoja. Shukichi anasema, akicheka kidogo, kwamba sasa wamekuwa watu wasio na makao. Tomi analala kwa Noriko, Shukichi anakwenda kuwatafuta marafiki wa zamani, anakunywa pombe aliyokuwa ameiacha miaka mingi, na usiku wa manane polisi wanamleta kwa Shige akiwa na mlevi mwenzake. Wanasinzia kwenye viti vya saluni.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la Tokyo, na la Nairobi, ni kwamba hakuna jembe la kumpa. Ushago, mzee akikaa wiki tatu kwa mwanawe atafunga ua, atachunga mbuzi, atatatua kesi ya mpaka. Kwenye ghorofa ya nne ya ploti ya Zimmerman atakaa akitazama televisheni mpaka watu warudi kazini, na wakirudi watajiona wameteswa na uso wake wa subira.

Mji wetu haukukosa nafasi hiyo kwa bahati mbaya. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Nyumba zilizojengewa Waafrika baadaye, kama zile za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, kwa kiasi kikubwa zilikuwa chumba cha mwanamume aliyeajiriwa. Mke, watoto na wazazi walitarajiwa kubaki mashambani. Mkoloni alikuwa na haja na mikono, si na jamaa za mwenye mikono. Uhuru ulikuja, ghorofa zikapanda, na landilodi wa leo bado anapiga hesabu ile ile ya chumba, kona ya jiko na choo. Sensa ya 2019 iliwapata watu milioni 4.4 Nairobi. Wangapi wana chumba cha mgeni? Na tangu 2007 tuna M-Pesa, njia laini kuliko Atami ya kumwambia mama asijisumbue kuja. Pesa husafiri bila kuhitaji godoro.

Kwa hiyo ninapotazama picha ambayo kamera inasogea, na inasogea kwa nadra mno hivi kwamba ikisogea unashtuka, sishangai Ozu aliiweka pale alipoiweka. Ni Ueno, mtaa wa Tokyo, wazee wakiwa hawana pa kwenda mpaka jioni. Kamera inatambaa polepole kandokando ya ukuta mpaka inawakuta wameketi chini. Nyumbani ilikuwa imetulia kwa sababu kulikuwa na kuta za kuiweka. Hapa hakuna nyumba, nayo pia imetolewa nje. Baadaye wanautazama mji kutoka juu, na wanaambiana kwamba Tokyo ni kubwa, wakipoteana humo huenda wasionane tena maisha yote.

Ziko pia picha zisizo na mtu yeyote wa kisa. Mabomba ya moshi ya viwanda. Nguo kwenye kamba. Mashua zikipiga injini bandarini. Reli. Ozu huziweka kati ya onyesho na onyesho, na mtazamaji asiye na subira huziona kama kupoteza muda. Jaribu kumwazia DJ Afro akiisimulia filamu hii kwa wateja wa kibanda cha video: stering ni nani, adui ni nani, na atasema nini sekunde zile kadhaa ambazo kioo chote ni mashati yanayopepea? Nampenda DJ Afro, lakini hapa angenyamaza, au angetuambia bei ya sabuni. Picha hizi zinabeba safari nzima. Hatuwaoni wazee kwenye treni hata mara moja. Tunaona bandari, halafu mabomba ya moshi, na tayari tuko Tokyo, uchovu wote wa njiani ukiwa umeachiwa mtazamaji aubebe mwenyewe.

Niwe mchokozi kidogo kwa wenzangu wa hapa. Filamu nyingi za Nairobi hufungua kwa droni: KICC, barabara kuu ya Expressway iliyofunguliwa 2022, taa za usiku, muziki. Tunaionyesha Nairobi kwa jicho la mwekezaji aliye ndani ya ndege. Kamera imekataa kuketi Pipeline, Embakasi, ambako nguo za ghorofa ya nane zinadondokea zile za ghorofa ya saba na ugomvi unaanza hapo. Matangi meusi ya maji juu ya mapaa, mitungi ya manjano imepangwa foleni chini ya ngazi ikingoja mfereji ufunguliwe, treni ikipasua Kibera huku watu wakisogea hatua moja na kuendelea na biashara: picha hizo tunazo bure, na tunazitumia kama pambo la umaskini, zikiwekewa kinanda cha huzuni. Ozu hakumhurumia mtu kwa kuanika nguo.

Jambo jingine la kiufundi, ambalo shuleni wanafunzi wa filamu huambiwa wasilifanye. Watu wawili wakizungumza, kanuni ni kamera ikae upande mmoja wa mstari unaowaunganisha, ili mmoja atazame kulia na mwingine kushoto. Ozu anauvuka mstari huo bila wasiwasi na kumweka kila mmoja akitazama karibu moja kwa moja kwetu. Mara ya kwanza unahisi kama kuna kitu kimeteguka. Kisha unagundua kwamba kila mtu amepewa kipimo kimoja. Shige hapigwi picha kwa kivuli, wala hatazamwi kutoka chini ili aonekane jitu. Urefu ule ule wa kamera, lenzi ile ile, mwanga ule ule aliopewa Noriko mpole. Ndiyo maana hoja ya "watoto wabaya" inaanguka. Mama anapokuwa mahututi, Shige ndiye anayelia kwa uchungu kuliko wote, na chozi hilo ni la kweli. Muda mfupi baada ya mazishi, bado mezani, anaulizia mshipi na nguo za marehemu apewe. Na hilo ni la kweli.

Kabla ya hapo yeye na kaka yake walikuwa wamepokea telegramu na kushauriana kuhusu nguo za msiba: wazibebe au wasizibebe? Bora kuzibeba, anasema Shige, zisipohitajika si neno. Wanaosafiri na nguo nyeusi ni hao wawili. Noriko na Keizo wanafika bila. Watazamaji hucheka kwa aibu hapo. Lakini huku kwetu grupu la WhatsApp lililofunguliwa kuchangia bili ya hospitali hubadilishwa jina usiku ule ule likawa la mazishi, wanachama wale wale, mweka hazina yule yule, na hakuna anayecheka. Kifo chenyewe Ozu hatuonyeshi. Tomi anapumua kwa shida, halafu ni alfajiri, bandari tupu, taa ya mawe, na turudipo ndani uso umefunikwa kitambaa. Shukichi yuko nje, anasema jua lilichomoza vizuri na leo litakuwa joto tena.

Sasa, kama nafasi ndiyo inayoamua kila kitu, Noriko anaipasua hoja yangu, kwa sababu chumba chake ndicho kidogo kuliko vyote. Ni kimoja tu, ushorobani pa jengo la wapangaji. Wakwe wakifika anakimbia kwa jirani kuazima sake na vikombe, jambo ambalo kila mpangaji wa ploti atalitambua. Ndiye aliyeomba ruhusa kazini awatembeze mjini kwa basi la watalii. Ndiye anayemtilia Tomi pesa kidogo mkononi. Nyumba ndogo kuliko zote ndiyo iliyopokea.

Tazama Tomi amelala wapi usiku ule, hata hivyo. Amelala kwenye matandiko ya Shoji. Picha ya Shoji bado iko chumbani. Noriko ana nafasi kwa sababu kuna mtu aliyekufa, na nafasi hiyo ni yake marehemu. Hana mtoto wa kuhamisha dawati, hana mgonjwa wa Jumapili, hana wateja. Vita vilivyoichoma Tokyo mwaka 1945 havionyeshwi hata kwa jengo moja lililoanguka; vimeachwa kwenye kitanda kilicho wazi na kwenye maneno ya wazee walevi, mmoja wao akiwa amepoteza wana wote wawili. Ndiyo sababu Noriko anapomwambia mkwewe kwamba yeye si mwema kiasi hicho, kwamba ni mbinafsi na siku zingine hupita bila kumkumbuka Shoji, sioni unyenyekevu wa adabu. Anamwambia ukweli wa hesabu: chumba hiki hakitabaki wazi milele. Shukichi naye, kwa hekima, anampa saa ya mfukoni ya Tomi na kumsihi aolewe.

Ozu alizirudia mada hizi mpaka wengine wakadhani anatengeneza filamu moja. Setsuko Hara, anayeigiza Noriko hapa, aliigiza wanawake wengine wenye jina hilo hilo katika "Late Spring" ya 1949 na "Early Summer" ya 1951, na swali daima ni mwanamke aondoke au abaki. Treni, saa, pombe ya wazee, binti anayeolewa na mzazi anayebaki. Ozu mwenyewe hakuoa, aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki 1962, na alimfuata Desemba 12, 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Siwaamini wanaosoma filamu kupitia maisha ya mtengenezaji, ila hapa nakubali kitu kimoja: aliyeandika na Kogo Noda maneno ya watoto wenye haraka alikuwa mwana aliyekaa nyumbani.

Na hapo ndipo ninapogombana naye. Kyoko, baada ya ndugu zake kupanda treni mara tu shughuli ilipokwisha, anakasirika. Noriko anambembeleza: watoto wakikua huwa na maisha yao, hata mimi nitakuwa hivyo. Maisha yanakatisha tamaa, sivyo? anauliza Kyoko. Ndiyo, anajibu Noriko, na anatabasamu. Tabasamu hilo limesifiwa dunia nzima. Filamu iko upande wake. Mimi niko upande wa Kyoko. Ndiye aliyefunga chakula cha safari, ndiye aliyemkanda mama kwa barafu, ndiye atakayebaki na baba aliyenyamaza, na hakuna mtu, akiwemo Ozu, anayemuuliza kama naye angependa kupanda treni. Kamera yenye haki kwa kila mtu imempa sehemu chache mno. Kila boma huku kwetu lina Kyoko wake, mara nyingi kitinda mimba, anayeambiwa "wewe uko karibu na mama" kana kwamba ukaribu ni mshahara, huku wa Nairobi wakituma pesa na maagizo. Mwongozaji wa Kenya atakayeishusha kamera chini, aiache kwenye jiko la mtu huyo kule Bungoma au Mwingi, na asiwaonyeshe wa mjini isipokuwa kama sauti za simu, tiketi yake ya kwanza naikata mimi.